Tapeli Hakujui: Hesabu Iliyo Nyuma ya Meseji na Simu Usizoziomba

Meseji yenyewe ni fupi. "Ile pesa tuma kwa hii namba, ile ingine iko na shida." Haina salamu, haina jina, haisemi ni pesa ya nini wala kiasi gani. Imeandikwa kwa Kiswahili cha haraka ambacho shemeji yako angekiandika akiwa ndani ya matatu. Mwenye duka la pembejeo pale Kapsokwony, Mlima Elgon, akiipata asubuhi ya soko, siku ambayo kwa kweli anadaiwa na dereva aliyempandishia mbolea kutoka Kimilili, mkono unafika kwenye menyu ya M-Pesa kabla akili haijauliza lolote. Swali huja baadaye, pesa zikishaenda: huyu mtu alijuaje kwamba leo nina deni?

Hakujua. Hajui deni lako, hajui duka lako, na huenda hajui kwamba kuna mahali panaitwa Kapsokwony. Watu wengi huona ugumu kuamini hilo, kwa sababu meseji imewapata pale pale penye kidonda. Lakini ukielewa jinsi inavyowezekana kumpata mtu penye kidonda bila kumjua, utakuwa umeelewa karibu kila kitu kuhusu meseji na simu hizi, na njia za kujikinga utaziona mwenyewe.

Tuanze na nambari. Nambari ya simu ni anwani, na anwani hizi zimepangwa kwa utaratibu wa kimataifa usioruhusu zaidi ya tarakimu 15 kwa jumla. Kenya ina 254 mwanzoni, halafu zinafuata tarakimu tisa. Ile sifuri tunayoibonyeza mbele ya 7 au 1 si sehemu ya anwani. Ni ishara tu ya kuuambia mtandao kwamba unapiga humu humu nchini. Sasa chukua mwanzo mmoja tu, 0722. Tarakimu zilizobaki ni sita, na kila moja inaweza kuwa kitu chochote kuanzia 0 hadi 9. Kumi mara kumi, mara sita, ni milioni moja. Kwa hiyo nambari zote za 0722 duniani ni milioni moja kamili, kuanzia 0722 000 000 hadi 0722 999 999, na kompyuta ya kawaida huziandika zote kabla hujamaliza kupiga chafya.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali ambalo kila mtu huuliza kwanza: "Nambari yangu waliitoa wapi?" Mara nyingi hawakuitoa popote. Walihesabu mpaka wakaifikia. Na kuhesabu huko kunalipa kwa sababu nambari zetu zimejaa. Kufikia mwaka 2019 zile zinazoanza na 07 zilikuwa zimekaribia kwisha, ndipo tukaanza kuona laini za 011 na 010. Ukibahatisha nambari ya 07 leo, uwezekano wa kumpata mtu hai upande wa pili ni mkubwa sana.

Orodha zipo pia, sitakataa. Yule ajenti mwenye daftari la kurasa mia, ambamo kila mteja aliandika jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu na kiasi alichotoa, alikuwa ametengeneza orodha nzuri kuliko ya kompyuta yoyote, na daftari lilikaa juu ya kaunta siku nzima. Kitabu cha wageni kwenye lango la jengo la ofisi ni orodha. Fomu ya harambee ni orodha. Juni 2021 Wakenya wengi walifungua tovuti ya serikali wakajikuta wamesajiliwa kuwa wanachama wa vyama vya siasa ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Mtu fulani alikuwa na majina na vitambulisho vyao. Orodha humpa tapeli kitu ambacho kuhesabu hakumpi, nacho ni jina lako. Ukipigiwa ukaitwa majina yako matatu yote, jua umo kwenye daftari la mtu. Hilo peke yake halithibitishi kwamba anayepiga ni wa benki.

Sasa tufuate meseji njiani. Simu yako ikiwa imewashwa, hata ukiwa umelala, kila mara huzungumza kidogo na mnara ulio karibu: nipo hapa, nipo hapa. Mazungumzo hayo hupita kwenye njia nyembamba ya kuongozea mtandao, iliyo tofauti na njia inayobeba sauti. Wahandisi wa Ulaya waliounda mfumo huu miaka ya 1980 waliona kwamba njia ile hukaa na nafasi, wakaamua kuipitishia maandishi mafupi. Nafasi iliyopatikana ilikuwa baiti 140, yaani biti 1,120. Kila herufi ikichukua biti saba, unapata herufi 160, na ndiyo sababu ya kikomo tunachokijua. Meseji ya kwanza ilitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992 na mhandisi Neil Papworth, ikiwa ni salamu za Krismasi. Kwa vile njia ilikuwa ipo tayari, kutuma meseji hakukuigharimu kampuni ya simu karibu chochote. Shika jambo hilo, tutalirudia.

Meseji ikitoka kwenye simu haiendi moja kwa moja kwa mwenzako. Huenda kwenye kituo kinachoitunza na kuisukuma. Kituo huuliza sajili kuu ya mtandao: mwenye nambari hii yuko eneo gani? Sajili hujibu, na meseji inasukumwa kwenye minara ya eneo hilo. Kama umezima simu, inangoja. Katika safari hii yote meseji imebeba sehemu mbili za anwani, ya anayepokea na ya anayetuma. Ya anayepokea lazima iwe sahihi, la sivyo haifiki. Ya anayetuma je? Mtandao hauihitaji ili kufikisha. Ni kama barua ya posta: anwani iliyo nyuma ya bahasha huandikwa na mtumaji mwenyewe, na hakuna karani aliyewahi kwenda kuhakikisha kwamba anaishi huko.

Lugha ambayo mitandao ya simu huzungumza yenyewe kwa yenyewe ilibuniwa Marekani katikati ya miaka ya 1970, enzi ambapo kampuni za simu duniani zilikuwa chache, nyingi zikiwa za serikali, na kila moja ilimwamini mwenzake. Kampuni ikisema "simu hii inatoka kwa nambari fulani," ya pili iliandika hivyo hivyo bila kudai ushahidi. Leo kampuni zilizounganishwa na mfumo huo ni nyingi mno, na simu zinapitia intaneti, ambako programu inaweza kujaza nambari yoyote mahali pa mpigaji. Marekani imekuwa ikipambana na simu zinazopigwa na mashine kwa kutumia nambari za uongo, na sheria iliyotiwa saini Desemba 2019 ikazilazimu kampuni kubwa kuanza kutia sahihi ya kidijitali kwenye simu ifikapo tarehe 30 Juni 2021, ili mtandao unaopokea uweze kukagua nambari. Dawa hiyo imepunguza homa tu, ugonjwa haujaisha.

Kuna jambo jingine kuhusu ile anwani ya mtumaji. Si lazima iwe nambari. Mfumo unaruhusu maneno yasiyozidi herufi 11, na ndiyo maana unaona MPESA au jina la benki badala ya tarakimu. Huku kwetu majina hayo husajiliwa kupitia kampuni za simu. Kwa hiyo tapeli wa kawaida, mwenye laini ya kawaida, hawezi kujiita MPESA. Anachoweza ni kuandika ndani ya meseji maneno yote ya M-Pesa: msimbo wa muamala, neno la kuthibitisha, kiasi, jina, tarehe, hata salio. Itazame kwa makini meseji kama hiyo ikikufikia. Maneno ni yale yale, lakini juu, pale panapoonyesha imetoka kwa nani, kuna nambari ya simu ya mtu. Na salio lililoandikwa halilingani na lako, kwa sababu aliyeandika hajui lako ni kiasi gani. Dakika mbili baadaye simu inalia: "Mama, samahani, nimekosea nikatuma kwako 2,350, ni za dawa za mtoto, nirudishie tafadhali."

Hapo pana kanuni moja. Meseji ni dai. Pesa ziko kwenye hesabu ya mtandao. Fungua menyu mwenyewe uangalie salio. Kama limeongezeka kweli, bado usirudishe kwa mkono wako. Mwambie aliyekosea apeleke meseji ya muamala wake kwa 456, na kampuni itamrudishia. Aliyekosea kweli hana sababu ya kukataa.

Sasa tuje kwenye hesabu iliyo kiini cha somo hili. Tuseme meseji moja inamgharimu tapeli senti 10, na anayenaswa hutuma wastani wa shilingi 3,000. Nimechagua tarakimu hizi ili tufanye hesabu. Wewe unaweza kuweka zako. Ili asipate hasara, anahitaji kunasa mtu mmoja kwa kila meseji ngapi? Gawanya 3,000 kwa 0.1 upate 30,000. Mmoja kati ya elfu thelathini! Sensa ya 2019 iliwahesabu watu 1,670,570 katika kaunti nzima ya Bungoma, ambamo Kapsokwony imo. Mtumie kila mmoja wao meseji, watoto kwa wazee, gharama ni shilingi 167,057. Wakinaswa 56 tu, mtaji umerudi wote. Wa 57 ni faida. Watu milioni moja na laki sita u nusu wanaweza kuicheka meseji hiyo, na biashara bado inasonga.

Ndiyo maana nasema meseji hizi si werevu wala uchawi. Ni bei ya chini ikizidishwa na watu wengi. Barua pepe ilipitia njia hiyo hiyo kabla yetu: mwezi Mei 1978 muuzaji mmoja wa kompyuta Marekani, Gary Thuerk, aliwatumia tangazo moja mamia ya watu kwenye mtandao uliokuwa babu wa intaneti. Walikasirika. Lakini kutuma kwa mamia kulimgharimu karibu sawa na kutuma kwa mmoja, na hasira haikubadilisha hesabu hiyo.

Turudi kwa mwenye duka wetu. Uwezekano wa yeye kunaswa unaweza kuugawa katika sehemu tatu zinazozidishana. Ya kwanza: leo anatarajia kumtumia mtu pesa. Ya pili: ana pesa hizo kwenye simu. Ya tatu: atatuma bila kuuliza. Tuseme mtu mmoja kati ya 10 anatarajia kutuma, nusu yao wana salio, na mmoja kati ya 200 wa hao hutuma bila kuuliza. Zidisha: moja kati ya 4,000. Hiyo ni zaidi ya mara saba ya kiwango anachohitaji tapeli. Januari, karo zinapolipwa, sehemu ya kwanza hupanda. Wakati wa mavuno, mahindi na vitunguu vinapouzwa na madalali wakingoja fungu lao, ya kwanza na ya pili hupanda pamoja. Meseji yenyewe haikubadilika hata herufi.

Na sasa unaona kwa nini imeandikwa bila jina, bila kiasi, bila sababu. Kila neno la ziada lingepunguza watu inaowafaa. "Ile pesa ya mbolea" ingewaacha nje wenye karo. "Ile pesa" inawafaa wote, na anayeijaza maana ni wewe mwenyewe kutoka kichwani mwako. Wenzetu wa Tanzania wanayo hiyo hiyo kwa lahaja yao, hela badala ya pesa, na mamlaka yao ya mawasiliano, TCRA, imewawekea namba 15040 ya kuripotia.

Sehemu ya kwanza huwezi kuipunguza. Madeni ni ya kila siku. Ya pili hutaki kuipunguza. Iliyobaki mikononi mwako ni ya tatu. Dereva anayekudai kwa ajili ya mbolea unayo nambari yake uliyoihifadhi zamani. Mpigie kwa hiyo. Usijibu meseji, usipige kwa nambari mpya iliyoleta habari, kwa sababu ushahidi unaotoka mdomoni mwa mtuhumiwa si ushahidi. Kama nambari ya zamani haipatikani, ngoja. Dereva atakasirika kidogo. Pia M-Pesa hukuonyesha jina la anayepokea kabla hujathibitisha, lisome. Tapeli anajua utaliona, ndiyo sababu nyingine huja na kiambatisho: "jina itakuja ya" fulani. Maneno hayo mawili matatu yamewekwa ili kuzima kengele ambayo mtandao ulikuwa umekuwekea.

Simu za sauti zina hesabu tofauti kidogo, kwa sababu muda wa mtu anayeongea ni ghali kuliko meseji. Njia moja ya kuupunguza ni mashine: sauti iliyorekodiwa hupiga maelfu ya nambari, na binadamu huingia pale tu mtu anapobonyeza kitu. Wakati wa uchaguzi tumepigiwa na sauti za wanasiasa zilizorekodiwa. Meseji za kisiasa za kutumwa kwa wingi zilianza kudhibitiwa mapema zaidi, kwa sababu chuki ilikuwa imeenezwa kwa SMS katika machafuko ya 2007 na 2008. Mwaka 2012 zikatolewa kanuni za kuzikagua kabla hazijatumwa. Ukipokea simu ya mashine, kukata bila kubonyeza ni bora kuliko kubonyeza tarakimu "ya kujiondoa." Ukibonyeza umewapa habari ambayo hawakuwa nayo: nambari hii iko hai, na mwenyewe husikiliza mpaka mwisho. Nambari ya namna hiyo ina thamani.

Kisha kuna ile inayolia mara moja ikakatika, ikiacha nambari ya nje. Faida yake inatokana na jinsi kampuni zinavyolipana. Ukipiga simu kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine, mtandao wako huulipa ule unaopokea. Humu Kenya malipo hayo yalishushwa hadi senti 41 kwa dakika kuanzia Machi 2024, kwa hiyo hayana mvuto kwa mwizi. Kuna nchi ambazo dakika hiyo hulipiwa mara nyingi zaidi ya hapo, na tapeli aliyeelewana na mtu wa huko hupata fungu lake kila wewe unapopiga ukasema "haloo, nani?" Ushauri unaoenezwa ni kutorudisha simu yoyote ya nje. Huku Mlima Elgon ushauri huo hauwezekani. Watu wa huku wana wajomba na mashangazi Kapchorwa, upande wa pili wa mlima, na simu inayoanza na 256 ni ya nyumbani kama ya 254. Jifunze basi kusoma tarakimu tatu za mwanzo: 256 ni Uganda, 255 ni Tanzania. Usizozitambua, na huna mtu huko, ziache.

Hatari kubwa zaidi ya simu ya sauti ni ile inayokuja kuchukua laini yenyewe. Watu wengi hudhani nambari yao imo ndani ya kile kipande cha plastiki. Sivyo mtandao unavyofanya kazi. Kilichomo ni utambulisho mwingine usiouona, wa tarakimu 15 kwa kawaida, ambao kwa laini za Kenya huanza na 639, pamoja na ufunguo wa siri wa biti 128 usiotoka humo kamwe. Mnara huiuliza laini fumbo. Laini hulijibu kwa kutumia ufunguo wake. Jibu likiwa sahihi unaingia mtandaoni. Ni ile sajili kuu, mbali huko, iliyoandika kwamba utambulisho huu ndio mwenye 07 yako. Badilisha mstari huo mmoja wa sajili, na nambari yako inahamia kwenye laini nyingine, mkononi mwa mtu mwingine. Laini yako inakufa papo hapo.

Mstari huo hubadilishwa kihalali kila siku kwa watu waliopoteza simu. Mwizi anachotafuta kwa kukupigia ni majibu ya maswali ambayo kampuni huuliza kabla ya kuubadilisha: kitambulisho, mwaka wa kuzaliwa, nambari unazopigia mara kwa mara, kisha PIN. Mulot, mji mdogo mpakani mwa Bomet na Narok, umetajwa na polisi mara nyingi kwa kesi za aina hii. Wateja wa Safaricom wanaweza kubonyeza *100*100# ili laini isibadilishwe na mtu mwingine kwa njia ya mbali, na *106# kuona ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chao. Ukikuta usiyoijua, ikatae. Kampuni hiyo imetangaza mara kwa mara kwamba huwapigia wateja kwa 0722 000 000. Lakini tumeshaona kwamba anwani nyuma ya bahasha huandikwa na mtumaji, kwa hiyo hata nambari hiyo ikitokea kwenye kioo, anayetaka PIN yako ni mwizi. Na ukiambiwa ubonyeze msimbo wenye nyota na nambari ya mtu ndani yake, unaelekeza simu zako kwake. Ulishabonyeza? ##002# hufuta maelekezo yote.

Sasa kuna swali la wenye simu janja: kwa nini nisiache mashine inichujie? Inaweza, na kuelewa inavyochuja kunasaidia. Tuseme kati ya meseji 1,000 ulizopokea, 50 ni za utapeli. Maneno "tuma kwa hii namba" yamo katika 40 ya hizo 50, na pia katika 10 ya zile 950 za kweli, maana ndugu zako nao huandika hivyo. Ikija nyingine yenye maneno hayo, uwezekano wa kuwa utapeli ni 40 kati ya 50, asilimia 80. Hiyo haitoshi kuifuta, utamfuta kaka. Ongeza habari moja: imetoka kwa nambari usiyoihifadhi. Tuseme tisa kati ya zile kumi za kweli zilitoka kwa watu waliomo kwenye simu yako, na za utapeli zote zilitoka nje. Sasa ni 40 kati ya 41, karibu asilimia 98. Njia hii inatokana na kanuni ya Thomas Bayes, kasisi Mwingereza aliyefariki mwaka 1761, na ndiyo iliyoanza kusafisha barua pepe mwishoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 2025 Airtel ilianza kuwatahadharisha wateja wake kuhusu meseji zinazoshukiwa, kwa mashine zinazotazama jinsi mtumaji anavyotuma. Udhaifu wa machujio mengi ni lugha: yamelelewa kwa Kiingereza, nasi tunaandika Kiswahili kilichochanganywa na Sheng, "2ma" mahali pa "tuma," na kila mtu na tahajia yake.

Asilimia 98 inasikika kubwa mpaka uwe mwendesha boda boda. Simu janja zina kitufe cha kunyamazisha kila nambari isiyohifadhiwa. Kwa mwalimu hiyo ni raha tupu. Kwa kijana anayengoja abiria, au mama anayeuza viazi kwa magunia, mteja mpya ndiye huyo huyo mtu asiyejulikana, na kumnyamazisha ni kufunga duka. Kila chujio lina makosa mawili, kupitisha mbaya na kuzuia mzuri, na ukipunguza moja unaongeza jingine. Hakuna kampuni inayoweza kukuamulia lipi linakuuma zaidi. Na kumzuia tapeli nambari moja moja, kazi ambayo hata simu nyingi ndogo za vitufe, kabambe, zinaiweza, kunasaidia kidogo tu, kwa sababu laini mpya kwake ni gharama ndogo.

Matangazo ni habari nyingine kabisa, na watu huyachanganya na utapeli kwa hasara yao. Kampuni ya kamari, duka la jumla, mkopeshaji wa mtandaoni: hawa wana ofisi, wana leseni, wanaweza kushtakiwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakataza kutumia nambari yako kibiashara bila ridhaa yako. Kwa hawa, kujiondoa hufanya kazi: *456*9*5# kwa Safaricom, au maelekezo yaliyo mwisho wa meseji. Wakiendelea, Ofisi ya Kamishna wa Data hupokea malalamiko, na sheria inataka yakamilishwe ndani ya siku 90. Si maneno matupu. Septemba 2023 ofisi hiyo iliitoza kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za mikopo za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia nambari za watu zilizotolewa kwa wengine kuwatumia vitisho.

Tapeli haogopi Kamishna. Kwake kilicho na maana ni ile hesabu ya mmoja kati ya elfu thelathini, na iko njia moja rahisi ya kuiharibu. Nambari ikiripotiwa mapema inaweza kufungwa kabla haijamaliza orodha, na gharama ya laini aliyonunua inabidi igawanywe kwa meseji mia badala ya elfu kumi. Kwa hiyo ukiipata leo, usiifute kwa hasira na wala usimjibu kwa matusi, maana matusi nayo humwambia nambari iko hai. Kama uko Safaricom, ipeleke kwanza kwa 333 pamoja na nambari iliyoituma. Ni bure, na kabambe inatosha.